Mafundi kompyuta wa Tanga, tuongee: kupiga Windows hakulipi tena

MwanaNgamiani

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apitilize. Nimeuleta kwa mafundi wenzangu wa Tanga mjini, Muheza, Korogwe, Pangani, na hata wa Bagamoyo, maana bahari yetu moja na kutu yetu moja.

Nina fremu huku Ngamiani, kwenye hizi barabara zetu za namba. Waliokuwepo enzi za kompyuta za kichogo wanajua kazi ilivyokuwa. Mashine inaletwa kwa mkokoteni, unafungua kava, unapuliza vumbi, unakuta kapasita zimevimba vichwa, unalehemu nyingine, unapiga Windows XP, yaani unaiweka upya, mteja anaondoka anachekelea. Halafu ikaja neema ya virusi vya fleshi. Mafaili yote yanageuka shotikati, mwanachuo analia na ripoti yake ya fildi, fundi unakula. Windows peke yake ililipa kodi ya fremu na chenji ikabaki.

Hiyo imekwisha. Kila kijana wa kijiweni ana fleshi ya Windows mfukoni, anapiga kwa elfu 5, na sina ugomvi naye. Windows yenyewe siku hizi inajitafutia driva mtandaoni na kinga ya virusi imo humo humo. Na mambo mengi yaliyokuwa yakimleta mtu kwenye kompyuta, kama barua, picha, kulipa ada au kuomba kazi, anayamaliza kwenye simu akiwa ndani ya daladala. Laptopu iko juu ya kabati.

Wanaokuja sasa ni wachache, ila shida zao ni nzito. Wenye steshenari. Walimu. Mawakala wa forodha wa kule bandarini. Hoteli ndogo. Mhasibu wa chama cha msingi. Hawa kompyuta kwao si starehe, ikizima saa nne asubuhi basi mtu anapoteza hela saa nne asubuhi. Hakuulizi umeweka Windows gani. Anakuuliza: nitafanya kazi leo? Wazee walisema Tanga waja leo waondoka leo, na laptopu nazo zimeshika utaratibu huo huo.

Sasa nifike nilikokuwa naenda. Nimeanza kutoza ada ya kuangalia. Elfu 10 kabla sijagusa bisibisi, na ukitengeneza kwangu ile elfu 10 inaingia kwenye bei. Ukiamua kuondoka, unaondoka na karatasi niliyoandika ugonjwa ni nini. Wenzangu hapa mjini wananicheka, wanasema nafukuza wateja. Mimi naona ndiyo kitu pekee kilichobaki cha kuuza. Nitoe mifano.

Mama analeta mashine ya ofisini, anasema intaneti imekufa, amekwisha kupigiwa Windows sehemu nyingine na hali ni ile ile. Nikitazama pembeni ya skrini, tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa. Betri ya saa, ile ya duara CR2032, imekwisha. Umeme ukikatika tu, saa inaanza upya, na tovuti zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana kama havijaanza kutumika. Ni betri ya bei ya soda. Aliyempigia Windows alirekebisha tarehe bila kujua kwamba hiyo ndiyo dawa, umeme ukakatika, akarudi alikotoka.

Mwingine ana Dell, "nzito, fundi, nipigie Windows." Windows haina kosa. Dell nyingi zenye chaja ya pini ya duara zina waya mwembamba katikati ya ile pini unaoitambulisha chaja kwa mashine. Chaja ikiwa ya kuungaunga, au ule waya umekatika, mashine haiitambui, inakataa kuchaji betri na inashusha mwendo wa prosesa makusudi. Ukiiwasha inaandika wazi kwamba chaja haijatambuliwa, lakini watu wanabonyeza kitufe kupita.

Wa tatu diski yake ina sekta mbovu. Huyu ukimpigia Windows umemmaliza, maana unaandika juu ya diski inayokufa, na picha za harusi zinaenda humo humo.

Wote watatu walikuja kuomba Windows. Wote watatu kama ningewapa walichoomba, wangerudi wiki ijayo kunitukana.

Juu ya hayo likaja la 14 Oktoba 2025, siku Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10. Mashine haizimi, watu walidhani itazima, nilipigiwa simu usiku. Inaendelea kuwaka, ila haipati tena viraka vya usalama, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye nyongeza yao ya kumfikisha 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo kwa Intel karibu zote ni kizazi cha 8 kuendelea. Angalieni mashine za mji huu. Hizi ThinkPad, Latitude na EliteBook za mtumba tulizowauzia watu wenyewe, ngapi zimevuka kizazi cha 8? Mteja ananiuliza, "fundi, uliniambia hii ni i5." Ni i5 kweli, kizazi cha 4.

Kwa hiyo swali langu: nyie mnauza nini siku hizi? Na ada ya kuangalia, nani mwingine anatoza?

---

KangeStendi

Naweka kambi hapa.

---

FundiMuheza

Ami, nimekusoma. Kwa mjini labda. Njoo Muheza umwambie mtu aliyeshuka Amani na laptopu kwenye mfuko wa salfeti kwamba kuangalia tu ni elfu 10. Nauli amelipa, chai amekunywa, na kwake yeye kuangalia ni macho, na macho hayauzwi. Atakwenda kwa jirani yangu atakayemwambia "bure", kisha jirani atamuwekea bei juu mbele ya safari. Yaani ada ile ile, ila imefichwa.

Mimi sitozi. Naangalia bure, natengeneza kwa bei inayonilipa mimi na wale walioondoka bila kutengeneza. Ndivyo biashara zote zinavyokwenda. Muuza kanga hamtozi anayeshika kitambaa.

---

MwanaNgamiani

Anayeshika kitambaa cha muuza kanga hakichani, ami. Laptopu za siku hizi kuifungua tu ni hatari: vishikizo vya plastiki vinakatika, utepe wa kibodi mwembamba kama ukucha. Nikishaifungua nimebeba dhamana. Na hilo lako la kumlipisha anayetengeneza kwa ajili ya asiyetengeneza, huyo anayetengeneza ndiye mteja wako mzuri. Unamwadhibu.

Ila kwa mtu wa Amani nakubali, ana haki ya kujua kabla hajapanda gari. Wengi wangu sasa wananitumia video ya WhatsApp kwanza. Taa zinawaka vipi, inalia milio mingapi, imeandika nini. Hiyo sitozi.

---

MamaSteshenari

Naomba kuingia wanangu, mimi si fundi, ni mteja. Nina steshenari Makorora.

Mnazungumza Windows, sijasikia printa. Kompyuta yangu ikiharibika nahamia ya kijana wangu. Printa ikisimama duka limefungwa. Hasa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ya HESLB, watoto wamepanga foleni mpaka nje, cheti cha kuzaliwa huyu, fomu ya mdhamini yule, mashine inaniandikia pedi ya wino imejaa. Nikampigia fundi mmoja, akasema lete dukani. Nikuletee dukani na foleni hii? Nikampata mwingine akaja na laptopu yake, akafanya rizeti, dakika chache ikawaka. Nikamlipa vizuri na dua juu. Miezi kidogo, wino ukaanza kutoka chini ya meza, umeharibu rimu nzima ya karatasi.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi nalipia nini: nalipia mtu anayekuja, na anayejua anachofanya. Hiyo elfu 10 ya kuangalia ningelipa bila kuuliza. Shida yenu mafundi hampokei simu.

---

MwanaNgamiani

Shikamoo mama. Hapo kwenye printa umetugusa.

Kwa wasiojua: hizi printa za matangi kila zikisafisha kichwa zinamwaga wino kidogo kwenye sponji lililo ndani. Mashine haioni sponji, inahesabu tu. Hesabu ikifika mwisho inagoma. Ile rizeti inafuta hesabu, sponji linabaki limelowa. Fundi aliyefanya rizeti akaacha sponji amekuachia bomba lililoziba na kuzima kengele. Linatolewa, linabadilishwa au linaoshwa na kukaushwa kabisa, ndipo unarizeti. Kwenye aina nyingi mpya limewekwa nyuma kwenye kisanduku chenye skrubu moja.

Na msiache printa ya wino kukaa bila kuchapa wiki nzima kwa joto letu hili. Chapa hata ukurasa mmoja wa rangi kila siku chache. Kichwa kikikauka, kusafisha mara kwa mara ndiko kunakojaza hilo sponji haraka.

Wenye steshenari kadhaa nimewaweka kwenye malipo ya mwezi. Kiasi kidogo, napita, nasafisha, naangalia bakapu, na wakinipigia nakuja kabla ya mteja wa mlangoni. Kwa kweli hao ndio wanaolipa kodi ya fremu sasa, si wanaoingia dukani.

---

Mchokozi_TA

Semeni ukweli. Watu hawapeleki mashine kwa mafundi kwa sababu mnaiba RAM, vile vijiti vya memori. Unapeleka yenye GB 8 inarudi na 4, ukiuliza unaambiwa ndivyo ilivyokuja. Na picha za watu mnazitazama.

---

FundiMuheza

Wapo. Tusitetee ujinga.

---

MwanaNgamiani

Wapo, na wametuchafulia wote. Kwangu utaratibu ni huu. Mteja akiwa amesimama hapo, nawasha mashine kama inawaka, nafungua ukurasa wa taarifa zake, tunapiga picha kwa simu ya mteja, si yangu. RAM kiasi gani, diski gani, namba yake. Isiyowaka nafungua kava mbele yake, anapiga picha vijiti vya RAM. Anaandika kwenye daftari, anasaini, naye anapewa nakala. Kuna waliokuwa wananiona najidai. Sasa wanawaleta ndugu zao kwa sababu ya daftari tu.

La picha za watu ni kubwa kuliko RAM. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kabla yake ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Fundi anayefungua folda ya mteja "kuhakikisha ipo" awe anajua amesimama wapi. Nikihamisha data nahesabu ukubwa na idadi ya mafaili, inalingana, imetosha. Sina haja ya kumwona bibi harusi.

Na tukiwa kwenye data, mafundi mjihadhari na hili kuliko yote. Laptopu mpya zenye Windows 11, hasa toleo la 24H2 na yaliyofuata, ukiziwasha mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft zinafunga diski kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, zenyewe, kimya kimya, hata zile za toleo la nyumbani. Mteja hajui. Siku umebadilisha bodi, au umeapdeti BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, inakuja skrini ya buluu inaomba ufunguo wa tarakimu 48. Namba hizo ziko kwenye akaunti aliyofunguliwa dukani Kariakoo na kijana aliyeweka barua pepe aliyoitunga palepale. Hakuna fundi wa kuifungua hiyo. Atakayekwambia anaweza anakula hela yako. Zamani bodi ikifa ulichomoa diski, ukaichomeka kwenye mashine nyingine, ukakuta kila kitu. Siku hizi ufunguo unakaa kwenye bodi, bodi ikifa umebaki na diski ya makelele matupu.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja wa laptopu mpya limekuwa: akaunti yako ya Microsoft unaijua? Kama mashine bado inawaka, tunaingia, tunachapa zile namba, anaziweka pamoja na hati ya kiwanja.

---

BagaTeki

Nipo Bagamoyo, nawasoma tangu juzi. Hilo la BitLocker limenikuta kwa mteja wa hoteli, alikaribia kulia.

Niongeze la SSD, hizi diski za chipu zisizozunguka. Mteja anafuta mafaili kwa bahati mbaya, anakuja amejiamini kwa sababu miaka ile ulimrudishia. Kwenye diski ya kuzunguka ilikuwa inawezekana, faili likifutwa linabaki pale mpaka liandikwe juu yake. SSD yenyewe inapewa taarifa kwamba hapo hapahitajiki tena na inasafisha. Ukichelewa kidogo hakuna kitu. Wateja hawaelewi kwa nini kitu kipya kimekuwa kibaya kwenye hilo. Ila kwa mwendo, hakuna dawa ya mashine ya zamani inayomshinda SSD. Nimeacha kabisa kupiga Windows juu ya diski ya kuzunguka, nasema SSD au nenda kwa mwingine.

Chumvi sasa. Nyumba na hoteli za ufukweni huku zinanilisha. Mashine ina mwaka mmoja, ukifungua, miguu ya chipu ina unga wa kijani, USB zimeota. Vumbi likichanganyika na unyevu wa bahari kwenye feni linakuwa tope. Naosha na spiriti safi ya asilimia 99, si ile ya dukani ya kupaka kidonda, ile ina maji.

---

MwanaNgamiani

Raskazone hali ni hiyo hiyo. Na mijusi, usisahau mijusi. Kwenye pawa saplai za kompyuta za mezani nimetoa mijusi iliyokauka kama dagaa. Inaingia kutafuta joto, inagusa panapotakiwa pasiguswe, shoti, fyuzi kwaheri. Msiwashe mashine iliyonuka kuungua eti mjaribu tena.

---

Kijana_Pongwe

Wakuu hizo i5 za kizazi cha 4 si tunalazimisha tu Windows 11? Mimi napitisha, zinakubali, mteja anafurahi.

---

BagaTeki

Unamwambia kwamba umelazimisha?

---

Kijana_Pongwe

Hajauliza.

---

MwanaNgamiani

Mdogo wangu, mwambie, na umwandikie. Inakubali, mimi nimeifanya kwa wanaotaka wenyewe. Lakini Microsoft hawaahidi kwamba itaendelea kupata apdeti, na toleo kubwa jipya likija huenda ukarudi kuipitisha tena kwa mkono. Na zile Core 2 Duo usihangaike, kuanzia 24H2 haziwaki kabisa, prosesa zenyewe hazina maagizo inayoyataka. Akijua, akakubali, sawa. Asipojua, siku ikigoma utakuwa wewe uliyemuuzia.

Kwa mashine za shule na za kuandikia barua naweka Linux Mint na LibreOffice, za bure badala ya Windows na Office. Inakimbia vizuri kwenye GB 4. Ila usimwekee mhasibu, faili zake za Excel zenye makro hazitamtii, na usimwekee mwenye steshenari kabla hujahakikisha printa na skana yake zinakubali.

---

FundiMuheza

Tuje kwenye RAM. Bei mmeziona? Mimi nilidhani wa Kariakoo wananionea.

---

BagaTeki

Si Kariakoo. Viwanda vinakimbilia kutengeneza memori za vituo vya akili bandia, huko ndiko kwenye hela. Micron walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaacha biashara ya Crucial, chapa yao ya RAM na SSD za wateja wa kawaida. SSD nazo zinafuata mkumbo. Vijiti vya RAM ya zamani ya DDR3 vilivyotolewa kwenye mashine mbovu nilikuwa nagawa, sasa vina droo yake na kufuli.

---

Kijana_Pongwe

Sasa mimi ninayeanza nifanye nini? Windows hailipi, simu zimejaa mafundi, RAM bei juu.

---

MwanaNgamiani

Nunua multimita nzuri kabla ya spika za dukani. Jifunze kusoma mchoro wa saketi, volti 19 za chaja zinaingia wapi, zinageuka 5 na 3.3 wapi, ukipima hapa hakuna pale ipo maana yake nini. Kama hujapita VETA, waulize hapo Tanga kuhusu kozi za elektroniki, kozi fupi haikupotezei mwaka. Bawaba, tundu la chaja, kibodi na vioo vitakulisha wakati unajifunza bodi, maana hivyo havifutwi na apdeti yoyote. Kisha tafuta steshenari mbili za jirani, uwe unapokea simu. Umemsikia mama.

Na mtumba ukinunua wa kuuza, kabla hujalipa ingia kwenye BIOS uone kama haina paswadi ya kampuni ya huko ilikotoka. Nyingi zimefungwa, na muuzaji anajua.

---

MamaSteshenari

Huyu kijana wa Pongwe anipigie basi, nina skana haiwaki.

---

FundiMuheza

Haya ami, nimefikiria. Elfu 10 Muheza haitapita, usinidanganye. Ila karatasi yako ya kuandika ugonjwa nimeipenda. Nitaanza na elfu 3 kwa jina la "karatasi". Mtu wa huku karatasi analipia, kuangalia halipii. Nitaleta majibu humu.

Na una DDR3L kijiti cha GB 4? Iwe ile ya volti 1.35, mashine hii inakataa ya 1.5, inalia tu.

---

MwanaNgamiani

Kipo, Samsung, kimepimwa usiku kucha hakina kosa. Bei imepanda, usinilaumu. Tuma hela kwenye lipa namba ya duka, naweka kwenye gari la Muheza la saa nane, konda yule yule.